Malkia na Mkalimani: Tamati ya Riwaya za Kiera Cass

Mtunzi hupimwa kwa mengi, lakini ubeti wa tamati ndio unaomfichua, kwani hapo ndipo fundo hufunguliwa, au hukatwa kwa kisu. Kipimo hicho chafaa pia kwa mfululizo wa riwaya. Tunakitumia hapa kwa The Crown (2016), kitabu cha tano na cha mwisho katika mfululizo wa mwandishi wa Kimarekani, Kiera Cass, ulioanza na The Selection mwaka 2012. Wapo wanaodai kwamba visa vya mapenzi ya vijana havistahiki uhakiki. Sisi hatuoni hivyo. Kitabu kinachomweleza msichana wa miaka 15 maana ya kupendwa na ya kutawala hakina budi kutiwa mizanini kama vyengine.

Hadithi imewekwa Illéa, ufalme wa kubuni uliosimama mahali pa Marekani baada ya vita vya siku zijazo. Riwaya tatu za mwanzo zilimfuata America Singer, binti wa tabaka la wasanii, aliyeingia pamoja na wenzake 34 katika shindano la kumtafutia mke mwanamfalme Maxon. Mbili za mwisho zinasimuliwa na binti yao, Eadlyn, aliyemtangulia pacha wake wa kiume kwa dakika 7, na ambaye wazazi wake waliibadili sheria ili arithi yeye. Safari hii wanaoposa ni vijana wa kiume 35. Katika The Crown mama anaugua moyo, baba haondoki ubavuni pake, na binti hana hiari ila kushika hatamu.

Uzuri wa kitabu umo katika jambo moja. Henri, mmoja wa waposaji, huzungumza Kifini, na kwa hivyo amefuatana na mkalimani wake, Eikko. Huyu hamo shindanoni. Kazi yake ni kufikisha maneno ya mwenzake bila ya kuyatia yake, na yeye ndiye moyo wa Eadlyn unayemwelekea. Msomaji wa mashairi, aliyezoea neno moja kubeba maana mbili, ataitambua mara moja hazina iliyomo hapa: mtu anayetafsiri posa ya rafiki yake kwa mwanamke anayempenda mwenyewe.

Masikitiko ni kwamba hazina hiyo imechotwa juu juu tu. Hatuoni mahali ambapo tafsiri yenyewe inakuwa mtihani, ambapo Eikko anasita kwenye neno, au analichagua lililo hafifu, kisha akajilaumu. Lugha, iliyokuwa kiini cha mkasa, inageuzwa pambo.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Marid Illéa, kijana wa ukoo wa mwasisi wa dola, anataka kumlazimisha Eadlyn ndoa kwa kuutangazia umma uchumba usiokuwapo. Eadlyn anamjibu kwa kutangaza kwamba ufalme sasa utakuwa wa kikatiba na wananchi watakuwa na sauti katika utawala. Ni uamuzi mkubwa kuliko harusi yoyote, lakini umesukumwa kwenye kurasa za mwisho, na ndani yake umma ni wa kupokea tu. Watu ambao hasira yao dhidi ya kasri ilitikisa kitabu kilichotangulia, wanapewa haki kama zawadi ya arusi.

Hata hivyo, hatuwezi kukitupa kitabu hiki. Visa vingi vya aina hii humwachia binti taji au mpenzi, au humfanya avipate vyote viwili bila ya kutoa kitu. Eadlyn anatoa: anapunguza mamlaka yake mwenyewe, kwa hiari, siku anayoweza kuyashikilia. Wazo hilo lilistahiki kurasa mia. Limepewa chache, na msomaji kijana atalazimika kuzijaza zilizobaki kwa fikra zake.