Mswada wa André Yav na Kalamu ya Mhariri

Majarida ya kitaaluma huwapa waandishi masharti kabla ya kupokea makala: upana wa pambizo, nafasi kati ya mistari, namna ya kunukuu na, mara nyingi, sharti moja fupi kwamba lugha itakayotumiwa iwe Kiswahili Sanifu. Masharti hayo huchukuliwa kuwa mambo ya nje tu, mfano wa nguo anayovaa mtu kabla ya kuingia barazani. Lakini kwa mtafiti wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, sharti la mwisho si la nje hata kidogo. Matini anayoichunguza, iwe barua, wimbo, tamthilia ya redioni au historia ya maisha, haikutungwa kwa Kiswahili cha Unguja. Akiisafisha ili ipokelewe na jarida, huenda kile alichokusudia kukichunguza kikatoweka mikononi mwake mwenyewe.

Katika nchi yetu hakuna kielelezo kinachoonyesha shida hiyo waziwazi kuliko toleo la «Vocabulaire de ville de Elisabethville». Maandishi hayo yalikusanywa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa maboi, yaani watumishi wa nyumbani kwa Wazungu. Yaligongwa kwa mashine na kudurufiwa, yakasambazwa mjini mwaka mmoja kabla ya Elisabethville kuitwa Lubumbashi. Ingawa jina lake ni «Vocabulaire», si msamiati bali ni historia ya mji tangu mwanzo wa ukoloni hadi miaka ya kwanza ya uhuru, jinsi ilivyoonekana na wale waliopika, waliofua na waliosikia mengi mezani bila kuulizwa neno. Mwaka 1990 Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliyatoa kama kitabu huko Amsterdam kwa jina la «History from Below», na Walter Schicho akaongeza maelezo ya kiisimu. Mwaka 2001 matini hiyo iliwekwa pia kwenye intaneti.

Jina lenyewe linaonyesha kazi iliyomngoja mhariri. Mwenye kujua Kifaransa cha shule ataona mara moja kwamba kibainishi kimekosekana na kwamba «de» haikukatwa mbele ya irabu. Karani yeyote wa matbaa angelisahihisha kwa nusu dakika. Angelisahihisha, angekuwa amefuta alama ya kwanza inayomwambia msomaji ni nani anayesema: mtu aliyekipata Kifaransa jikoni na barazani kwa bwana, akakitumia kwa sababu zake mwenyewe. Neno «vocabulaire», lililowekwa juu ya kitabu cha historia, halipaswi kuchukuliwa kuwa kosa. Majina ya watu na mahali, na majina ya kupanga waliyopewa Wazungu, yana nafasi kubwa katika masimulizi ya Yav. Kwake yeye kuijua historia ya mji ni pamoja na kuyajua maneno yake.

Ndani ya maandishi shida ni kubwa zaidi. Maneno hayakutengwa kwa kanuni moja: mahali pengine neno moja limekatwa vipande, mahali pengine maneno mawili yameshikamana, na alama za kituo hazisaidii sana. Jambo hilo si dogo katika lugha ambayo kitenzi kimoja hubeba nafsi, wakati na mtendwa. Herufi b-a-n-a zikisimama peke yake katika Kiswahili cha Lubumbashi zinaweza kusomwa kuwa «wana», lakini zikiungwa na kitenzi kinachofuata zinakuwa kiambishi cha nafsi pamoja na alama ya wakati. Kadhalika, kwa kuwa wasemaji wengi wa Katanga hutamka «kupika» mahali ambapo Sanifu ina «kupiga», mhariri anayesoma habari za boi na bwana wake hana budi kuamua kila mara kama habari hiyo ni ya chungu au ya fimbo. Mwenye kuandika upya matini ya namna hiyo kwa tahajia ya Sanifu, awe anajua au hajui, anatoa hukumu katika kila mstari, na hukumu hizo hazionekani tena baada ya kuchapwa.

Fabian alitambua kwamba jicho peke yake haliwezi kuyasoma maandishi kama hayo. Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha hiyo, aliyasoma kwa sauti, usomaji huo ukanaswa katika ukanda, na kutokana na ukanda likaandikwa toleo la pili lenye maneno yaliyotengwa na sentensi zenye mwanzo na mwisho. Kitabu kinampa msomaji picha za kurasa za asili, maandishi ya usomaji wa Kalundi, na tafsiri ya Kiingereza yenye maelezo. Huu ndio ubora mkubwa wa toleo hilo, na ubora wenyewe umo katika mpangilio. Kila tabaka linaonekana, na asiyekubaliana na mkato wa neno fulani anaweza kurudi kwenye ukurasa wa Yav akahakikisha mwenyewe. Matoleo mengi yenye sifa ya usafi hayampi msomaji haki hiyo.

Hata hivyo kuna mambo ya kuhojiwa. Kwanza, msomaji mwenye haraka huichukua matini ya pili kuwa ndiyo matini ya Yav, nayo siyo. Ni usomaji wa mtu mwingine, wa kizazi kingine, aliyefunzwa kusoma kwa namna nyingine. Pale ambapo Yav aliandika umbo lililokaribia Kiswahili cha vitabu, sauti ya msomaji inaweza kulirudisha kwenye mazungumzo ya kila siku. Pale ambapo Yav alisita, sauti inaweza kupita bila kusita. Maboi wa zamani walijua vyema kwamba kuna Kiswahili cha kuongea na kuna «Kiswahili bora», na mtu anayegonga historia kwa mashine huvaa, kadiri awezavyo, lugha ya heshima. Kwa hiyo atakayenukuu kitabu hiki ataje tabaka analolinukuu. Wengi hawafanyi hivyo.

Pili, ni suala la wasomaji. Yav aliandika kwa ajili ya wenzake. Toleo la Amsterdam limekwenda kwa wanaanthropolojia na wanahistoria wanaosoma Kiingereza, lugha ambayo shule za Kongo hazikuwafundishia wajukuu wa maboi. Hilo si lawama juu ya uaminifu wa wahariri, kwani kila mswada huandaliwa kwa ajili ya mlango fulani. Lakini hasara ipo. Toleo la kusomwa tu, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, lenye maelezo machache ya Kiswahili au ya Kifaransa na bei ya soko la Kenya au la Katuba, ni kazi tofauti kabisa, nayo yastahili kufanywa na watu wa hapa.

Miaka kumi na minane baadaye Jan Blommaert, katika «Grassroots Literacy» (2008), aliichukua hoja hiyo kutoka upande mwingine. Alichunguza historia ya maisha iliyoandikwa na mtu mmoja wa Katanga mara tatu kwa Kiswahili cha Shaba, pamoja na historia ya nchi iliyoandikwa kwa Kifaransa na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Macho yake yako kwenye karatasi kuliko kwenye sauti: herufi kubwa zilizowekwa pasipotarajiwa, mistari iliyopigwa, vichwa vya habari, sentensi zilizofutwa na kuanzwa tena. Kwake mpangilio wa ukurasa ni sehemu ya maana, na mwenye kuupanga upya ukurasa ameandika ukurasa mwingine. Mbinu hizi mbili, ya kusikia na ya kutazama, zinahitajiana. Kalundi asingesoma, kurasa nyingi za Yav zingebaki giza. Lakini bila picha za kurasa hizo, hakuna ambaye angeweza kumsahihisha Kalundi.

Kwa anayetayarisha makala leo, mambo kadhaa yanafuata. Sharti la Kiswahili Sanifu lina haki yake juu ya maneno ya mtafiti mwenyewe, hoja yake na maelezo yake. Halina mamlaka juu ya matini inayonukuliwa. Usanifishaji ulioanzia mkutano wa Mombasa wa 1928 na kamati ya 1930 ulizihusu nchi zilizokuwa chini ya Uingereza. Kongo haikuwa na kiti pale, na kuikosoa barua ya 1965 ya Elisabethville kwa kanuni hizo ni kuihukumu kwa sheria ambayo haikutangazwa kwake. Kwa hiyo «batoto», «bitabu» na «kitabu yangu» yabaki jinsi yalivyo. Mistari ya matini ihesabiwe kama ilivyo katika asili, na namba za kurasa za asili zitiwe ndani ya makala. Chochote alichoongeza mhariri, hata herufi moja, kiwekwe katika mabano ya mraba. Na kama kuna haja ya umbo la Sanifu, liandikwe mstari wa chini, kama tafsiri iwekwavyo, lisichukue nafasi ya matini yenyewe. Jarida likikataa kwa sababu ya nafasi, ni afadhali kunukuu mistari kumi kwa ukamilifu kuliko kurasa tatu zilizopigwa pasi.

Linabaki suala la majina, ambalo miongozo ya majarida hulipita kwa sentensi moja, tena mwishoni. Katika kazi ya Yav, msomaji kwa sauti ndiye aliyeamua neno linaanzia wapi na kuishia wapi, na uamuzi huo ni sehemu kubwa ya uhariri. Jina la Kalundi Mango limewekwa kwenye ukurasa wa jina la kitabu, kama msaidizi. Ni zaidi ya wanavyopata wasomaji, wafasiri na wanakili wengi wa Lubumbashi, ambao hushukuriwa katika tanbihi pamoja na dereva na mwenye nyumba ya wageni. Na bado, kwa kazi aliyoifanya, neno «msaidizi» ni dogo.