Kitenzi "Kuletewa" katika Simulizi ya Asili ya Kanisa: Mfano wa Roret

Wahakiki wa fasihi simulizi nchini Kenya wameshughulika sana na ngano, methali, vitendawili na nyimbo za jando. Simulizi ambayo kanisa huitumia kuwafundisha waumini asili ya kanisa lenyewe haikupata nafasi kama hiyo, labda kwa kuwa ilidhaniwa kuwa ni mali ya mwanahistoria au ya mchungaji. Hata hivyo simulizi hiyo ina mtambaji, ina hadhira, ina mianzo na miishio yake maalumu, na dhamira yake haijifichi. Katika Roret, kwenye nchi ya chai ya Bureti isiyo mbali na Litein, kijana aliyelelewa kanisani huenda akaisikia mara nyingi zaidi kuliko ngano yoyote ya sungura na fisi. Huisikia katika mafundisho ya ubatizo, huisikia siku ya kuadhimisha miaka ya kanisa, na huisikia tena wageni wanapokuja kutoka mbali na Kikipsigis kikaachia Kiswahili nafasi.

Msuko wake wafahamika. Watu walikuwa gizani, mgeni akaja na Kitabu, akapingwa, wachache wakaamini, shule ikajengwa, na baadaye zahanati, leo waumini hawahesabiki. Msuko wa namna hii si wa Roret pekee, na si kosa kwa simulizi kuwa na msuko unaojulikana. Linalostahili kuchunguzwa ni vitenzi vyake. Injili "iliingia". Shule "ilifunguliwa". Na zaidi ya vyote, "tuliletewa".

Umbo hili la mwisho ladai uchanganuzi. Katika neno "letewa", mzizi ni -let-, kiambishi -e- ni cha kauli ya kutendea, na -w- ni cha kauli ya kutendwa. Kiima cha sentensi ni "sisi". Jamii imeketishwa mbele, mahali pa heshima. Lakini kiima hicho hakitendi lolote. Mtendaji amewekwa nyuma ya kiunganishi "na", na huyo ndiye mwenye jina kamili na mwaka wa kufika. Mwenyeji amepewa kiti, mgeni amepewa kazi. Msimulizi akiirudia sentensi hiyo miaka nenda miaka rudi, hadhira huzoea kujiona kama mikono iliyokunjuliwa kupokea. Wako watakaosema kwamba kauli hii ni ya unyenyekevu tu, kwamba muumini hatakiwi kujisifu. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama unyenyekevu huo ungewahusu wote. Lakini mmishonari katika simulizi iyo hiyo hutajwa kwa jina, kwa nchi yake, kwa homa yake na kwa kaburi la mtoto wake.

Ni vema kuilinganisha simulizi na mambo yalivyokuwa. Willis Hotchkiss, Mmarekani wa madhehebu ya Marafiki, alifika pwani mwaka 1895 katika kundi la Peter Cameron Scott, akakaa Ukambani. Mwaka 1902 alikuwa Kaimosi pamoja na Edgar Hole na Arthur Chilson. Kisha, kuanzia mwaka 1905, akaanzisha misheni ya kazi za mikono miongoni mwa Wakipsigis. Katika miaka ya 1930 kazi hiyo ilishikwa na shirika lililokuja kuitwa World Gospel Mission, kituo cha Tenwek kikakua, na humo likatokea Africa Gospel Church. Litein nako, tangu miaka ya 1920, palikuwa na kituo cha Africa Inland Mission. Majina haya na miaka hii ndiyo mifupa ya simulizi inayofundishwa katika nchi yote ya Kericho na Bomet.

Sasa atazamwe Hotchkiss mwenyewe. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1901, kabla ya kuja kwa Wakipsigis, alieleza jinsi alivyohangaika Ukambani kwa zaidi ya miaka miwili akilitafuta neno la Kikamba la kumwita Yesu Mwokozi. Hakulipata kwa kuuliza. Alilipata jioni moja, Mkamba aitwaye Kikuvi alipokuwa akisimulia jinsi mtu alivyookolewa kutoka kwa mnyama mkali. Kisa hiki kilipendwa mno na wahubiri wa Kiingereza wa ng'ambo, nao walikitumia kama mfano wa subira ya mmishonari. Lakini kisomwe upya kwa jicho la mwanaisimu. Aliyeleta neno ni nani? Mgeni alikuwa na Kitabu na hana msamiati. Mwenyeji, mtambaji kando ya moto, ndiye aliyemletea. Kama kuna sentensi inayostahili kauli ya kutendewa, ni hii: Hotchkiss aliletewa neno na Kikuvi. Hapa yaonekana jambo ambalo simulizi ya "kuletewa" haiwezi kulibeba, yaani kwamba hakuna mahubiri yaliyofika kwa Wakipsigis au kwa watu wengine bila kwanza kupita katika vinywa vya wenyeji waliofundisha lugha, waliofasiri na waliomrekebisha mgeni matamshi yake.

Suala la majina lazidi kuwa zito pakikumbukwa kwamba misheni ya mwanzo ilijulikana kwa jina la Lumbwa. Hilo silo jina ambalo Wakipsigis walijiita. Ni jina la kubandikwa, lenye asili ya Kimaasai na harufu ya dharau, ambalo maofisa wa kikoloni waliliandika katika ramani na katika kituo cha reli ambacho leo ni Kipkelion. Simulizi inayofundishwa hulitaja kama jina la mahali tu, bila maelezo, na msikilizaji kijana hana njia ya kujua kwamba hapo palikuwa na kasumba.

Na giza? Neno hili ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko yote, na ndilo lililohojiwa kidogo kuliko yote. Wakipsigis walimjua Asis, walimwita pia Cheptalel, na walikuwa na utaratibu wa kufundisha historia uliokuwa mkali kuliko wa darasa lolote la ubatizo. Katika tumdo, vijana waliotengwa walifundishwa na motiriot. Na wakati wenyewe ulihesabiwa kwa marika, Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kaplelach, Kipkoimet, Nyongi, majina yanayozunguka na kurudi. Watu wenye kalenda ya namna hiyo hawakuwa wakisubiri mwaka wa kwanza wa historia yao. Henry Mwanzi mwaka 1977, na Taaitta Toweett mwaka 1979, walichapisha vitabu vya historia ya Wakipsigis vilivyotegemea kumbukumbu za wazee. Yeyote anayetayarisha mafundisho ya kanisa angeweza kuvisoma. Ajabu ni kwamba makanisa mengi ya eneo hili yamekubali kuandaa jando la Kikristo wakati wa likizo za shule, yakaichukua nyumba ya tumdo na kuacha nje hesabu yake ya wakati.

Tena liko jambo la mwaka 1934. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa orkoiik, nao wakatolewa katika nchi ya Wakipsigis na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Muongo ambao simulizi ya kanisa huutaja kama muongo wa baraka na wa vituo vipya ndio muongo wa uhamisho huo. Si lazima kudai kwamba misheni ndiyo iliyotenda. Lakini katika msamiati wa "giza", orkoiyot ni mchawi na basi. Na mtu aliyekwisha kuitwa mchawi, kuhamishwa kwake hakuhitaji kusimuliwa.

Itadaiwa kwamba kanisa halina njia nyingine ya kusimulia asili yake. Ng'ambo ya mpaka iko njia nyingine. Katika Uganda, mafundisho ya Ukristo wa mwanzo hayasimami juu ya mmishonari bali juu ya waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887. Wakatoliki 22 kati yao, waliotangazwa watakatifu mwaka 1964, wanakumbukwa kila tarehe 3 Juni, na mtoto wa katekisimu huwajua kwa majina, Karoli Lwanga na wenzake. Simulizi hiyo nayo ina upofu wake, hasa kuhusu Kabaka Mwanga na shinikizo lililomzunguka. Walakini vitenzi vyake ni vya kutenda: walikataa, walitembea, walibatizana.

Kauli ya kutenda haikosekani Roret. Inapatikana katika utanzu mwingine, ule wa wasifu wa marehemu unaosomwa mazishini. Hapo ndipo inaposikika kwamba mama fulani alitembea na mtoto mgongoni kwenda kusoma. Kwamba mzee fulani alitoa kipande cha shamba, akang'oa visiki, akabeba mabati kichwani, akaongoza nyimbo kabla hapajawa na mchungaji, akagombana na baba yake kwa ajili ya ng'ombe wa tambiko. Wanawake, ambao katika simulizi ya maadhimisho hujumlishwa kuwa "akina mama", hupata hapa majina, na kina bibi hutajwa pamoja na wanafunzi wao wa shule ya Jumapili. Lugha huchanganyika, Kikipsigis kwa Kiswahili, na vitenzi hutiririka kwa kiambishi "ka": akaenda, akakataa, akajenga. Kwa upande wa fani, utanzu huu ni bora kuliko ule wa maadhimisho, ingawa hakuna anayeufundisha.

Simulizi ya maadhimisho, kwa upande wake, imepata kuandikwa. Burnette na Gerald Fish, wamishonari, walichapisha mwaka 1989 historia ya World Gospel Mission na Africa Gospel Church kwa Kiingereza, The Place of Songs. Wasifu wa mazishini huchapwa katika karatasi iliyokunjwa mara moja, picha ya marehemu mbele na ratiba ya ibada nyuma. Husomwa mara moja kwa kipaza sauti. Jioni, watu wakiondoka, nyingine hubaki majanini chini ya viti.