Sauti ya Jukwaani na Sauti ya Studio: Rekodi za Hukwe Zawose na Suala la Matini katika Fasihi Simulizi ya Wagogo

Utangulizi

Wapenzi wa muziki wa roki wana desturi ambayo wahakiki wa fasihi simulizi wangefaa kuitazama kwa makini. Bendi ikishapata jina, wapenzi wake hurudi nyuma kuzisaka rekodi za maonyesho yake ya mwanzo: kanda zilizonaswa ukumbini, zenye makofi, miluzi na mazungumzo ya watu waliosimama karibu na kinasasauti. Bendi ya Grateful Dead ya Marekani iliikubali desturi hiyo kiasi kwamba mwaka 1984 ilianza kuwatengea wenye vinasasauti sehemu yao maalumu ukumbini. Kinachotafutwa katika kanda hizo ni tukio, wala si usafi wa sauti ambao aghalabu hazina. Mpenzi wa roki asiyejua nadharia yoyote anaamini kwamba wimbo ulioimbwa mbele ya watu si wimbo uleule ulioimbwa studioni, hata kama maneno hayakubadilika.

Imani hiyo ndiyo msingi wa nadharia ya fasihi simulizi ya Kiswahili. Mulokozi (1996) anaieleza fasihi simulizi kuwa tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Ni nadra kupata tasnifu ya fasihi simulizi isiyoutaja ufafanuzi huo katika sura yake ya pili. Ni nadra pia kuuona ukifanya kazi katika sura ya nne. Mtafiti anapofika kwenye uchambuzi, wimbo huwa umekwisha kugeuka beti zilizopangwa kwa mistari, zilizonukuliwa kutoka kwenye albamu, zisizo na mahali wala saa. Makala haya yanalichunguza pengo hilo kwa kutumia rekodi za Hukwe Zawose, msanii wa Kigogo ambaye sauti yake imerekodiwa na kuuzwa nje ya nchi kuliko ya mtunzi mwingine yeyote wa uwanda wa kati wa Tanzania.

Zawose, aliyefariki Desemba 2003, alitoka Ugogo akaitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere katika miaka ya 1960, kisha akaishi na kufanya kazi Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Mwaka 2002, yeye na Charles Zawose walipanda majukwaa ya Marekani kufungua maonyesho ya mwanamuziki wa roki Peter Gabriel, katika kumbi ambazo wasikilizaji wake walikuwa wamekuja kumsikiliza mtu mwingine. Safari hiyo ndefu, kutoka uwanja wa ngoma wa kijijini hadi ukumbi wa roki, ilipita njiani katika studio nyingi. Swali ni nini kilidondoka njiani.

‘Yetu’ na ‘Chibite’

Majina ya albamu mbili za Zawose na wenzake yanatosha kuanzia. Ya kwanza, iliyotolewa na kampuni ya Triple Earth ya Uingereza katika miaka ya 1980, inaitwa Tanzania Yetu. Ya pili, iliyotolewa na Real World mwaka 1996, inaitwa Chibite. Yote mawili yamejengwa juu ya nafsi ya kwanza wingi, lakini ‘sisi’ wa jina la kwanza si ‘sisi’ wa jina la pili.

Kimilikishi ‘-etu’ katika Tanzania Yetu hakimhitaji mtu yeyote awepo. Kinaweza kutamkwa redioni, kikaandikwa kwenye bango, kikasomwa na mtu aliye peke yake chumbani, na kikabaki na maana yake kamili. Ni ‘sisi’ wa taifa, na taifa halihitaji kuonana uso kwa uso ili lijitaje. Hiyo ndiyo lugha ambayo Kikundi cha Ngoma cha Taifa kiliundwa kuibeba katika miaka ya mwanzo ya uhuru: ngoma ya Kigogo, ya Kimakonde na ya Kizaramo zikiwekwa jukwaani bega kwa bega, kila moja ikiwa imefupishwa ili nyingine ipate nafasi.

‘Chibite’ ni neno la Cigogo. Kiambishi chi- ni cha nafsi ya kwanza wingi, mzizi ni -bit-, na kiishio -e ni cha dhamira ya kuhimiza; kwa Kiswahili, ‘twende’. Umbo hili lina sharti ambalo ‘yetu’ haina. Anayesema ‘twende’ lazima awe na wa kwenda naye, na wa kwenda naye lazima awe karibu kiasi cha kuweza kuitika, kusita au kukataa. Kipragmatiki, tendouneno la kuhimiza linabaki nusu mpaka anayehimizwa afanye jambo. Msikilizaji wa albamu hawezi kufanya lolote ambalo mwimbaji atalisikia. Hapo ndipo ilipo kinaya ya Chibite: jina lake linaalika, na wanaoalikwa hawamo chumbani.

Tofauti hii haina maana kwamba nyimbo za Kiswahili za Zawose ni dhaifu na za Cigogo ni bora. Hukumu ya namna hiyo ingekuwa ya haraka, na kwa bahati mbaya imewahi kutolewa na watu wasiojua lugha yoyote kati ya hizo mbili. Maana yake ni kwamba lugha hizo mbili hazikupoteza kiasi kilekile zilipoingia studioni. Kiswahili cha kitaifa kilikuwa kimekwisha kuzoea hadhira isiyoonekana. Cigogo cha uwanjani kilikuwa hakijazoea.

Mvumo

Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki wa jamii mbalimbali, Wagogo wakiwamo. Rekodi hizo sasa ni sehemu ya hazina ya maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954 nchini Afrika Kusini. Tracey alipenda kurekodi nje, mahali watu walipozoea kuimba, na alishika maikrofoni kwa mkono akiisogeza kuifuata sauti aliyotaka isikike. Lakini aliishi katika zama za santuri za dakika tatu, na kazi yake ina alama ya kipimo hicho. Wimbo ambao uwanjani hauna mwisho mpaka wachezaji wachoke, kwake una mwanzo, kati na mwisho. Anayeuhakiki muundo wa wimbo wa Kigogo kwa kutegemea rekodi hizo, akasifu ufupi wake na namna unavyofungwa kwa ghafla, anausifu muundo wa santuri.

Mkono ulioshika maikrofoni nao ni mkono wa mhakiki. Unapomsogelea kiongozi, waitikiaji wanarudi nyuma. Na katika uimbaji wa Kigogo hilo ni kosa zito kuliko linavyoonekana. Nketia, katika makala yake ya mwaka 1967 kuhusu mpangilio wa sauti nyingi katika muziki wa Wagogo, alionyesha kwamba sauti hizo zimepangwa kwa kutegemeana. Sauti ya pili si pambo la sauti ya kwanza. Kwa mwanaisimu, matokeo yake ni kwamba maneno ya wimbo mmoja yamegawanywa katika vinywa kadhaa, na mara nyingine vinywa hivyo vinatamka silabi tofauti katika pigo moja. Mstari mmoja wa ubeti ulioandikwa kwenye karatasi hauwezi kuyabeba hayo. Mnukuzi anachagua sauti aliyoisikia vizuri, na aliyoisikia vizuri ni ile ambayo fundi wa sauti alimchagulia kabla yake.

Lipo jambo jingine dogo linalofaa kukaliwa kidogo. Ilimba ya Kigogo, ala ya vidole yenye vijiti vingi vya chuma, hutobolewa matundu ambayo huzibwa kwa utando wa buibui ili kila noti iwe na mvumo pembeni yake. Sikio lililolelewa na studio husikia mvumo huo kama hitilafu. Fundi wa ilimba huutengeneza kwa makusudi, na utando ukichanika anatafuta mwingine. Sauti tupu, isiyo na kitu kinachotetemeka kando yake, kwake bado haijakamilika.

Vigelegele, vicheko, jina la mtu linalopachikwa katikati ya wimbo kwa sababu mwenye jina ameingia uwanjani, mtoto anayekemewa asipite mbele ya ngoma: hayo yote ni utando wa buibui wa upande wa maneno. Unukuzi wa kawaida unayaondoa, au unayafungia ndani ya mabano kama maelezo ya jukwaa, kana kwamba ni ya mtu mwingine na si ya wimbo. Ndiyo maana rekodi ya jukwaani, hata iliyonaswa vibaya, ni hati bora kwa mhakiki kuliko ya studio iliyonaswa vizuri. Ya studio inampa fanani na fani. Ya jukwaani inamrudishia angalau tatu kati ya zile sita: hadhira, mahali na wakati.

Kwa kipimo hicho, Assembly ya mwaka 2002, ambamo mpiga gitaa na mtayarishaji Michael Brook aliizungusha sauti ya Zawose kwa magitaa na sauti za mitambo, inastahili kusomwa tofauti na ilivyozoeleka. Wapo wanaoilaumu kwa kuuchafua muziki wa jadi. Lawama hiyo inasahau kwamba albamu zilizotangulia, zile zinazoitwa safi, zilikuwa zimekwisha kumtenga Zawose na wasikilizaji wake. Brook hakumkuta uwanjani. Alichofanya ni kuujaza kwa vifaa vyake ukimya ambao studio ilikuwa imeuacha. Kama alifanikiwa ni suala jingine, na jibu la haki pengine ni kwamba alifanikiwa mara chache. Lakini walau hakujifanya kwamba ukimya huo haupo.

Jukwaa nalo hukata

Hoja hii ina mpaka wake. Wapenzi wa roki hudhani kwamba kanda ya onyesho la mwanzo ni ukweli usioguswa, na mhakiki hapaswi kuwafuata huko. Jukwaa nalo hukata. Linawageuza wachezaji wakabiliane na upande mmoja, ilhali uwanja wa ngoma una pande zote. Linamweka mwenye ilimba katikati na waitikiaji nyuma yake. Linampa muda, na muda huo una mwenyewe.

Zaidi ya hayo, hadhira ya jukwaa la Ulaya au Marekani haikuyaelewa maneno. Makofi yanayosikika katika rekodi ya namna hiyo yanasifu sauti, kimo chake na kasi ya vidole. Ndiko zilikokulia zile sifa za matangazo kuhusu oktava tano za Zawose, hesabu ambayo haimsaidii mtu kuelewa alichokuwa akiimba. Rekodi hiyo ni hati halisi ya tukio halisi. Ila tukio lenyewe ni Waingereza au Wamarekani kumsikia Mgogo, si Wagogo kusikilizana. Mtafiti anayeitumia kama ushahidi wa mwingiliano wa fanani na hadhira katika fasihi ya Wagogo amebadilisha hadhira bila kumwambia msomaji.

Waliodondoka zaidi njiani ni wanawake. Muheme, ngoma inayopigwa na wanawake wakiwa wameibana mapajani, inahitaji uwanja, miili mingi na vumbi la kukanyaga. Haisafiri kwa urahisi kama ilimba na zeze. Kwa hiyo taswira ya Ugogo iliyofika kwenye maduka ya muziki duniani ni ya mwanamume mwenye ala mkononi, na wanawake ni sauti za kuitikia. Uhakiki uliofuata ukairithi taswira hiyo na kuiita utamaduni. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa albamu ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens, wao wakiwa ndio waongozaji wa nyimbo. Wasikilizaji wengi wa nje waliipokea kama kitu kipya. Anayewajua wapiga muheme hakuona jipya katika mwanamke wa Kigogo kuongoza. Jipya lilikuwa kuwekewa maikrofoni.

Chamwino

Tangu mwaka 2009, Chamwino, nje kidogo ya jiji la Dodoma, imekuwa na tamasha la kila mwaka la muziki wa Cigogo, lililoanzishwa na Kedmon Mapana. Vikundi vya vijiji mbalimbali hukutana hapo na kuimba mbele ya watu wanaozielewa nyimbo, wanaozijua familia za waimbaji, na wanaoweza kucheka mahali panapochekesha. Wengi wana simu mkononi. Kwa maneno mengine, ile hazina ambayo wapenzi wa roki waliijenga kwa vinasasauti vya kubeba begani inajengwa sasa hivi Ugogo, ndani ya simu zinazopotea, kuharibika na kufutwa ili kupata nafasi. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hakiko mbali na hapo. Mwanafunzi wa umahiri anayeandika kuhusu nyimbo za Wagogo kwa kupakua albamu iliyotengenezwa Uingereza amekwenda mbali kutafuta kilichopo karibu.

Kukusanya rekodi hizo hakutatosha kama zitanukuliwa kwa mtindo uleule. Jedwali la unukuzi linalotumika katika tasnifu nyingi lina safu tatu: Cigogo, tafsiri ya Kiswahili, na maelezo. Yanahitajika mambo matatu zaidi. Kwanza, kila kundi la sauti liwe na mstari wake, yaani kiongozi, waitikiaji na wapiga ngoma, hata pale mnukuzi asiposikia kitu, ili nafasi tupu ionekane kuwa tupu. Pili, maneno ya hadhira yaandikwe katika lugha yaliyotamkwa, maana mara nyingi mwimbaji huimba Cigogo na mtazamaji humjibu kwa Kiswahili, na kubadili huko kwa msimbo ni data ambayo hakuna albamu iliyoihifadhi. Tatu, iandikwe simu ilikuwa mkononi mwa nani, na mwenye simu alikuwa amesimama upande upi wa uwanja.