Yasmin Baina ya Riwaya na Filamu: Uhakiki wa Vuta N'kuvute

Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute (1999), imekwisha kuhakikiwa mara nyingi kama riwaya ya ukombozi, Denge akitazamwa kuwa shujaa wake. Filamu ya Amil Shivji yenye jina hilohilo (2021), iliyokuwa ya kwanza kutoka Tanzania kuteuliwa katika Tamasha la Filamu la Toronto, inalifufua swali ambalo wahakiki walilipita upesi: hadithi hii ni ya nani?

Msuko wa riwaya unamfuata Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka 15 anayeozwa Bwana Raza, mwenye duka wa miaka 52. Anamkimbia mumewe huko Mombasa, anarudi Unguja, anakataliwa na jamaa zake, kisha anapokewa Ng'ambo na Mwajuma, mwanamke asiye na mali. Hapo ndipo anapokutana na Denge. Lakini Denge si kikomo chake. Baada yake yupo Shihab, na hatimaye Bukheti, ambaye ndiye anayemwoa mwishoni. Mvutano unaotajwa katika anwani ni wa ukoo, wa rangi, wa polisi wa mkoloni na wa wanaume kadhaa, kila mmoja ameshika ncha yake.

Filamu isiyofika saa mbili haikuweza kuubeba mvutano wote huo, nayo imeyafanya mapenzi ya Yasmin na Denge kuwa uti wa mgongo wake. Faida ipo. Tofauti ya rangi, ambayo mtunzi wa riwaya hulazimika kuieleza, hapa inaonekana tu nyuso mbili zinapokaribiana. Kumteua Siti Amina, mwimbaji wa taarabu, kuwa Mwajuma nako ni busara: riwaya huweza kuisimulia sauti, haiwezi kuitoa. Hasara, hata hivyo, ni nzito zaidi. Yasmin wa Denge peke yake ni mpenzi wa mwanaharakati; Yasmin anayeendelea kuishi baada ya Denge ni mhusika kamili. Shafi alithubutu kumwondoa mwanasiasa na kumwacha mwanamke na maisha yake, na ujasiri huo haujasifiwa vya kutosha.

Hapa Humsafar, riwaya ya Kiurdu ya Farhat Ishtiaq iliyoonyeshwa katika televisheni ya Pakistani mwaka 2011 hadi 2012, inafaa kulinganishwa. Mwandishi mwenyewe ndiye aliyeandika mswada wa tamthilia hiyo, na mapenzi ya Khirad na Ashar yakapewa sehemu 23, wiki baada ya wiki. Ndoa iliyopangwa na wazee, mapenzi yanayozaliwa baada ya ndoa, fitina ya mama mkwe, miaka ya utengano: kila hatua ilipata muda wa kuiva. Upeo wake wa kijamii ni finyu kuliko wa Shafi, lakini umbo lake linamfaa mwanamke anayebadilika polepole. Vuta N'kuvute, inayohama kutoka bandari hadi bandari na ndoa hadi ndoa, ina msuko unaodai umbo la namna hiyo.

Msomaji wa Busia au Malaba, aliyezoea watu kuvuka mpaka asubuhi na kurudi jioni, hatazichukua safari za Yasmin kuwa mapambo ya msuko. Kila avukapo maji anapewa jina jingine: mke wa Raza, mtoro, mwanamke wa Ng'ambo. Filamu inayomfupishia safari imemfupishia pia majina hayo.