Katiba na Mlango wa Mahakama: Uhakiki wa Ibara ya 26 na ya 30

Wengi wanapoandika juu ya haki za raia huzihesabu haki zilizotajwa katika Katiba, kisha huridhika kwamba zimetajwa. Katika makala haya twauliza swali jingine: haki ikishavunjwa, ni nani aruhusiwaye kuipeleka mbele ya jaji? Kwa maoni yetu, hapo ndipo Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inapopimwa.

Katiba hiyo ilipotungwa haikuwa na Hati ya Haki. Hati hiyo iliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, na utekelezaji wake mahakamani ukaahirishwa hadi mwaka 1988. Mwaka 1990 ilizaa tunda. Mwanamke wa Kihaya alikuwa amerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa yake alimshtaki, kwa kuwa sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maishani mwake, wala si kuliuza. Mwanamume hakufungwa kwa kizuizi kama hicho. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba tofauti hiyo ni ubaguzi uliokatazwa na Ibara ya 13.

Msomaji wa Biblia atawakumbuka binti za Selofehadi katika Hesabu 27. Nao walidai urithi, na sheria ikapanuliwa. Lakini wao walikwenda wenyewe kusimama mbele ya Musa. Mama huyu wa Kihaya alikutana na Katiba kwa sababu alishtakiwa. Je, yule ambaye hakushtakiwa, aliyenyamaza katika kikao cha ukoo na kurudi nyumbani mikono mitupu? Sisi wachungaji twamfahamu. Huja kuomba maombi baada ya ibada. Neno mahakama halitaji.

Kwa mtu huyo Katiba ina milango miwili isiyolingana. Ibara ya 26 yampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria ili Katiba na sheria zihifadhiwe. Ibara ya 30 yamtazama zaidi anayedai kwamba haki yake mwenyewe imevunjwa au yaelekea kuvunjwa. Mwaka 1994, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu wagombea binafsi, Jaji Lugakingira aliifungua Ibara ya 26 kwa upana: raia aweza kusimama kwa manufaa ya umma. Mwaka 2020 Bunge lilielekea upande mwingine, likamtaka mleta shauri aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi.

Twakiri kwamba sharti hilo lina hoja. Mahakama si baraza la kila mwenye neno, na wapo wadai wanaotafuta sifa. Hata hivyo, sharti la namna hiyo humfaa mwenye nauli, wakili na ujasiri. Huwaacha nje wale ambao Hati ya Haki iliandikwa hasa kwa ajili yao. Mithali 31:8 yatuagiza kumsemea aliye bubu. Sheria imtakayo bubu aseme kwanza yaufanya utii huo kuwa mgumu.

Masharti ya Bunge huweza kuwekwa na kuondolewa. Kasoro tunayoiona imo katika Katiba yenyewe, iliyoacha milango miwili bila kusema upi ni mkuu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 22, yasema wazi kwamba mtu aweza kufungua shauri kwa niaba ya asiyeweza kujitetea, au kwa manufaa ya umma. Kwa kusema hayo hatuitaki Serikali ifanye kazi ya Kanisa. Mafundisho yetu juu ya tawala mbili yasema kwamba Mungu aliiweka Serikali ili imlinde jirani aliye dhaifu. Twaitaka ifanye kazi yake yenyewe.

Lakini uhakiki huu usiishie kwa wengine. Katika kikao kile cha ukoo mara nyingi huketi mzee wa usharika wetu, na pengine mchungaji wake. Kabla ya kuulizwa ni nani aliyeufunga mlango wa mahakama, yatupasa kujibu kwa nini tulinyamaza pale ambapo hapakuhitajika wakili.