"Mdudu" si jina la kutosha



Niko hapa Sydenham, Durban, na ugomvi wangu leo ni na Kiswahili chetu cha sayansi. Mbawakawa wa kama milimita 2 anaua miti Afrika Kusini, nasi tunaishia kusema "mdudu anayekula miti". Kwanza, mti hali. Jike hutoboa gome, huingia ndani ya mti na kupanda kuvu. Hiyo kuvu ndiyo chakula chake na wanawe, na ndiyo inayoziba njia za maji mpaka mti ukauke. Dawa ya kunyunyizia juu ya gome ni vigumu kuwafikia walio ndani.

Kitaalamu ni Euwallacea fornicatus, asili yake Asia. Wataalamu nao walibabaika: California, mwaka 2003, walimdhania ni yule wa michai. Vinasaba vikaonyesha ni spishi mbalimbali zinazofanana kama mapacha, na mwaka 2019 majina yakapangwa upya. Hapa aligunduliwa Pietermaritzburg mwaka 2017, kumbe sampuli ya Durban ya 2012 ilikuwa yeye! Miaka 5 yupo, hajulikani.

Sasa basi, miparachichi pia huishambulia. Bwana shamba wa Njombe au Murang'a atamwambiaje mkulima? Dumuzi wa mahindi ana jina, na mkulima anamjua. Huyu mimi namwita "mbawakawa mpandakuvu". Mwenye jina bora alete, ila tusirudi kwenye "mdudu".