Lugha ya Wafu: Filamu ya Kati Kati na Hadhira ya Nyumbani

Kazi ya sanaa inayohusu mambo ya roho hupimwa kwanza na watu ambao imani zao zimeizaa. Makala haya yanakusudia kuichunguza filamu ya Kati Kati (2016), iliyoongozwa na Mbithi Masya na kuandikwa naye pamoja na Mugambi Nthiga, kwa kuuliza swali moja: je, hadhira ya Ukambani, tuseme wakazi wa Salama, mji mdogo wa Makueni ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, inaweza kuipokea filamu hii kama kazi yake? Filamu hii ilitengenezwa kwa gharama ndogo, nje ya makampuni makubwa ya sinema, na mwaka huohuo ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Toronto. Ubora wake umekwisha kukubaliwa ugenini. Kinachobaki ni safari yake ya kurudi nyumbani.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Mwanamke aitwaye Kaleche anajikuta nyikani, amevaa vazi la hospitali, wala hakumbuki maisha yake. Anafika kwenye hoteli ya kitalii iliyo peke yake, na huko anaambiwa na Thoma, kiongozi wa wenyeji, kwamba amekufa kama wao. Hakuna awezaye kutoka mpaka akabili jambo lililomlemea duniani. Kupitia mhusika King, mtu wa kanisa mwenye hatia moyoni, filamu inagusa pia ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya.

Hapana budi kuyalinganisha mawazo haya na yale ya John Mbiti, mwanateolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, na kufariki mwaka 2019. Katika kitabu chake African Religions and Philosophy (1969), Mbiti alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya msingi wa maelezo yake juu ya wakati. Kwa maoni yake, aliyekufa hubaki katika sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, yaani kwa vizazi vinne au vitano hivi. Akishasahauliwa na wote, huzama katika zamani. Kwa hiyo kazi ya kukumbuka ni ya walio hai.

Masya na Nthiga wameugeuza mpango huo. Wafu wao hawana ndugu wa kuwataja, wala wa kuwamwagia kinywaji. Ni lazima wajikumbuke wenyewe. Mhakiki aweza kusema kwamba hapa filamu imekwenda karibu zaidi na toharani ya Wakristo kuliko na aimu wa Wakamba. Lakini twaweza pia kuona katika upweke huo hali ya kizazi cha mjini, kinachokufa mbali na ukoo. Mjadala huu ni mzito, na wanaostahili kuutoa uamuzi ni wazee na vijana wa Salama kuliko waamuzi wa Toronto.

Tatizo ni kwamba mlango wa mjadala ni lugha, na mazungumzo ya filamu hii yamechanganya Kiingereza na Kiswahili, huku Kiingereza kikibeba mzigo mkubwa. Tuitazame filamu nyingine. Jesus (1979), iliyotengenezwa na wageni na kupigwa picha Israeli, imetiwa sauti za lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili na Kikamba zikiwamo. Kisanaa yaweza kulaumiwa kwa mengi, lakini wasambazaji wake walielewa jambo moja la msingi: anayetaka kusema na mtu juu ya roho yake hupiga hodi kwa lugha ya nyumba hiyo. Basi mgeni amesema Kikamba, na mtoto wa nyumbani anasema Kiingereza.

Yawezekana kujibu kwamba hivyo ndivyo vijana wa Nairobi wasemavyo, na kwamba msanii hana haki ya kupotosha uhalisi. Jibu hilo ni la haki kwa mtunzi, lakini halimwondolei msambazaji wajibu wake. Kenya inao mfano tayari: katika vibanda vya video, wasimulizi kama DJ Afro wamezieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili, na watazamaji wamezifanya zao.

Hata hivyo, tafsiri ya Kati Kati si kazi ya mzaha. Wakazi wa hoteli ile tuwaiteje? Wafu ni neno kavu mno, nao wanakula na kucheza. Mzuka huja kutisha walio hai, na hawa hawamtokei mtu. Mzimu, neno lenye shina moja na aimu, ladai ukoo unaokumbuka, tena mahubiri ya miaka mingi yamelitia sumu. Marehemu ni yule aliyerehemiwa, na rehema ndiyo hasa wanayoingoja. Kila neno linaleta teolojia yake, na mfasiri akichagua moja amekwisha kuihakiki filamu nzima. Kazi hiyo haifai kuachiwa mashine wala haraka ya biashara.

Kwa hiyo idara zetu za lugha zina deni. Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi, na filamu tumeiacha ijitafutie njia. Tungeitia Kati Kati sauti za Kiswahili na Kikamba, tukaipeleka sokoni Salama, tukakaa kimya baada ya picha ya mwisho ili wenyeji waseme, tungejua kama Masya na Nthiga wamewaeleza wafu wetu au wamebuni wengine. Bila hivyo, filamu hii itabaki mahali inapopataja kwa jina lake.